Naomba ushauri: mkopo uliopangiwa upya uhesabiwe wapi?

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaosimamia vitabu vya SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo), hasa huku Moshi ambako wakopaji wengi wanategemea kahawa.

Kwenye mikopo iliyo hatarini hesabu ni hii: huchukui malimbikizo (marejesho yaliyochelewa) peke yake, unachukua salio lote la mkopo ambao rejesho lake limechelewa kupita siku 30. Mfano, mikopo yote ni sh. 90,000,000. Wakopaji watatu wamechelewa. Malimbikizo yao 1,200,000, lakini salio lao 9,900,000. Ukiandika malimbikizo unapata asilimia 1.3 na kamati inatulia. Ukweli ni asilimia 11.

Kinachokwamisha ni mkopo uliopangiwa upya. Malipo ya kahawa yakichelewa, bodi humwongezea mkulima miezi 6, na siku hiyohiyo mfumo unausoma mkopo kuwa mzima. Hatari haijaondoka, imejificha nyuma ya tarehe mpya. Je, mnauacha kwenye kundi la hatari mpaka alipe marejesho mangapi mfululizo? Matatu kwa mtu wa msimu mmoja kwa mwaka naona hayatoshi kabisa.

La pili, ukwasi, yaani fedha zilizo tayari kulipa wanaotoa akiba. Januari wanachama hutoa akiba kwa mpigo kulipia ada, ilhali fedha zimefungwa kwenye mikopo ya miezi 24. Desemba mnabakiza kiasi gani benki? Mnakadiria kwa akiba yote, au kwa kilichotolewa Januari zilizopita? Mwenye jedwali anielekeze safu zake, tafadhali.