Video za takwimu naelewa, kwenye testi natoka patupu. Naomba ushauri

Wakuu habari za muda huu. Nipo mwaka wa pili, nasoma uhasibu, na takwimu ndiyo inayonitesa.

Lekcha anaenda mbio, kwa hiyo nimehamia YouTube, hasa Khan Academy. Nasubiri bando la usiku, naweka spidi ya 1.5, naangalia video tano mfululizo huku natikisa kichwa. Kila kitu kinaeleweka, najiona profesa kabisa! Juzi kwenye testi tukapewa sampuli ya watu 12 tutafute mchepuko sanifu (standard deviation, yaani namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani). Nikagawanya kwa 12 badala ya 11. Hiyo habari ya n kutoa moja (idadi ya watu kwenye sampuli ukipunguza mmoja) niliiangalia wiki ileile, tena mara mbili.

Rumeti wangu anaangalia video moja tu, anaisimamisha kabla mwalimu hajatoa jibu, anapiga hesabu mwenyewe kwenye daftari. Nilikuwa namcheka. Alipata 17 kati ya 20, mimi 6.

Sasa wenye uzoefu: niangalie video kabla ya kipindi au baada? Au niziache kabisa nikomae na desa za miaka ya nyuma? UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ni wiki tatu zijazo na sapu, yaani kurudia mtihani, siitaki.