Hita ya mafuta ya taa inatoa moshi na utambi haushuki, msaada wadau

mtoto_wa_makorora:
Habari za jioni wadau. Bibi yangu yupo Lushoto kule juu na baridi yake mwezi wa 6 na wa 7 mnaijua, tulimtafutia hita ya mtumba ya Japani inayotumia mafuta ya taa, ile ya utambi wa duara na betri kubwa za kuwashia. Mwaka jana ilimfaa sana. Sasa hivi moto wa njano, chumba kizima kinanuka, ukizungusha kitasa utambi unakwama katikati. Nimeshuka nayo Tanga, fundi wa majiko Ngamiani kasema utambi umekufa niagize mpya Dar. Kuna cha kujaribu kwanza? Bibi ana kifua jamani.

fundi_pongwe:
Usiagize kitu kwanza mkuu. Ilikaa na mafuta ya mwaka jana tangini? Chota yale ya chini kabisa mimina kwenye chupa inayoonyesha, yaache yatulie. Kama kuna maji yatakaa chini na utauona mstari. Utambi ukishanyonya maji haupandishi mafuta vizuri, unaanza kuungua wenyewe, ndo unapata masizi magumu kama lami yanaung'ang'ania usishuke. Na hilo la kutoshuka ndo linaniogopesha zaidi maana hizo za Japani zina kinga ya tetemeko, ikitikiswa au ikipigwa teke utambi unadondoka moto unazima, sasa ukikwama kinga hakuna. Ndani isiwashwe kabisa mpaka ushuke.

dada_chumbageni:
Fundi kasema kweli. Mi naongezea, angalia utambi wenyewe. Kama kichwa chake ni faibaglasi, mweupe hivi na unawasha ngozi ukiushika, usiguse na mkasi. Toa mafuta yote tangini, ipeleke uani pasipo upepo, washa iwake mpaka ijizimie yenyewe, masizi yanakuwa majivu, ikipoa unapangusa na mswaki mkavu. Ila kama ni pamba usifanye hivyo utaumaliza, wa pamba unasawazisha ncha na mkasi basi. Na lile bomba la chuma la juu ukilirudisha lizungushe kidogo kushoto kulia likae sawa, likikaa upande moto unakuwa wa njano hata utambi uwe mpya.

mzee_wa_raskazone:
Mafuta mnanunua wapi kijana wangu? Yanunue kituoni, na dumu liwe halijawahi kuwekwa petroli. Mafuta ya taa safi mvuke wake haushiki moto mpaka yafike nyuzi 38 hivi, petroli inashika hata kwenye baridi ya Lushoto, ikichanganyika kidogo tu hiyo hita inaweza kulipuka. Msijaze ikiwa inawaka. Dirisha liachwe wazi kidogo na bibi akilala izimwe, ile gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani na hii inaitoa, na haina harufu.

mtoto_wa_makorora:
Shikamoo mzee, nimekuelewa, dumu nabadilisha. Nimefanya ile ya chupa sasa hivi, maji yapo na chenga za kutu. Utambi mweupe unawasha. Kesho naichoma uani. Hiyo kutu naitoaje?

fundi_pongwe:
Tia mafuta ya taa safi kidogo, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Yale ya kutumia chuja kwa kitambaa. Baridi ikiisha mwambie bibi tangi libaki tupu na kavu.

mtoto_wa_makorora:
Poa fundi, nikishaichoma naleta majibu hapa kabla sijapanda nayo Lushoto.