Lubumbashi–Guangzhou: kupitia Addis, Nairobi au Kinshasa?

Mama_Ruashi
Bakubwa, nataka kwenda Guangzhou kununua bidhaa. Wakala ananipa njia tatu kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege hapa Lubumbashi: Addis Ababa, Nairobi, na ile ya kupitia Kinshasa kisha Addis, ambayo bei yake iko chini. Kilomita ngapi kila moja, na saa ngapi hewani?

Ramani_Katuba
Mama, mstari ulionyooka ni kama km 10,100, lakini hakuna ndege inayouruka mara moja. Jumlisha vipande:

Nairobi: 1,540 + 8,680 = 10,220
Addis: 2,610 + 8,040 = 10,650
Kinshasa na Addis: 1,550 + 2,990 + 8,040 = 12,580

Gawanya kwa 850, mwendo wa ndege kwa saa, kisha ongeza nusu saa kwa kila ndege, kwa ajili ya kupanda na kushuka. Jibu la Nairobi ni kama saa 13 za hewani, Addis 13 na nusu, Kinshasa zaidi ya 16, kwa sababu unaanza kwa kwenda magharibi wakati China iko mashariki.

Kamalondo_Safari
Hesabu ni nzuri, mukubwa, ila nusu saa kati ya Nairobi na Addis haiamui kitu. Kinachoamua ni eskale, yaani muda wa kungoja ndege ya pili. Chini ya saa 1 na nusu, ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu, wewe unaweza kuwahi lakini mizigo ikabaki. Ikizidi saa 8, faida ya kilomita imeisha. Mimi ningetafuta saa 2 hadi 4, njia yoyote ile.

Uliza pia kama siku hiyo ndege inagusa mji mwingine kabla ya eskale. Kutua na kuruka tena kunakula zaidi ya saa 1.

Mama_Ruashi
Asante. Ya Kinshasa ni tiketi mbili tofauti. Na tiketi ya Addis inaonyesha natoka 14:00, nafika kesho yake 14:00. Ni saa 24 kweli?

Ramani_Katuba
Hapana, Mama, ni 18. Saa za tiketi ni za mji husika, na Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 6. Kwenda, toa 6. Kurudi, ongeza 6. Na kurudi hewani ni kurefu zaidi: huko juu upepo hutoka magharibi, unasukuma ndege wakati wa kwenda na kuizuia wakati wa kurudi. Tegemea kama saa 1 ya ziada.

Kamalondo_Safari
Tiketi mbili achana nazo, Mama. N'djili, uwanja wa Kinshasa, utachukua mizigo, utoke, uandikishe upya. Ndege ya kutoka Lubumbashi ikichelewa, kampuni ya pili haina deni kwako. Unanunua tiketi nyingine, na ile bei ya chini imepotea.

Yaya_Kampemba
Naongeza la kaunta ya Luano. Kabla begi halijaondoka kwenye mkanda, soma herufi tatu kubwa kwenye karatasi wanayoifunga. Ziwe CAN, yaani Guangzhou. Ukiona ADD peke yake, begi linaishia Addis. Simamisha hapohapo, waichape upya. Kipande chake kibandikwe kwenye pasipoti. Kadi ya njano ya chanjo ibaki mkononi pamoja na viza, maana vinaulizwa kabla ya kupewa karatasi ya kupandia. Pawabenki pia mkononi, kamwe si ndani ya begi linaloenda chini: ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, iko chini ya kikomo cha ndege cha Wh 100.

Mama_Ruashi
Basi nachukua Addis, tiketi moja. Kesho namwomba wakala abadilishe eskale iwe ya saa 3.