Tupeane uzoefu: pikapu ya dizeli ya kuvuta tela na kwendea kazini, hapa Dodoma

Mkulima wa Hombolo
Wakuu, salaam. Naishi Ilazo, kazi iko Mtumba, na kila Jumamosi naenda Hombolo kwenye shamba la zabibu. Gari niliyonayo ni Toyota IST, kagari kadogo. Siku za kazi haina neno, shida ni Jumamosi. Maji nanunua ya boza, na msimu wa kuvuna nakodi kenta ya mtu ambayo dereva wake anakuja saa anayotaka yeye. Zabibu ikishakatwa haimsubiri mtu kwenye jua hili letu.

Nataka niuze IST, nichukue pikapu moja ya dizeli, dabo kebini, inipeleke ofisini na Jumamosi ivute tela lenye tangi la lita 1000. Habari za "Toyota haifi" nimezisikia tangu nikiwa shule. Namtaka mtu aliyewahi kuvuta kitu: alivuta nini, kwa gari gani, barabara ipi, na yakamkuta yapi.

Mzee wa Mkonga
Nina Land Cruiser pikapu, injini 1HZ. Niliwahi kuvuta mashine ya kusaga kutoka hapa hadi Iringa kwa njia ya Mtera. Mpaka bwawani unaweza kupiga stori na abiria wako. Ukianza kuupanda Nyang'oro ndipo unaielewa 1HZ: cc 4164, silinda sita, lakini haina tabo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa. Nilipanda na gia ya pili, malori mawili yakanipita, utingo wa lile la pili akanipungia mkono kama ananiaga. Ila mshale wa joto haukutikisika hata kidogo. Nilifika, nikashusha mashine, nikarudi.

Kwa kwendea ofisini sikushauri. Yangu inanipa kilomita 7 kwa lita nikiwa mtupu. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya za mafuta, mimi nasoma kama mzazi anayetafuta jina la mtoto kwenye matokeo. Klachi nayo inataka mguu wa mcheza mpira. Siku ya kwanza mke wangu alipoichukua kwenda soko la Majengo, alirudi na bajaji. Gari kaliacha huko huko.

Kijana wa Nala
Shikamoo mzee. Hapo kwenye bajaji nimecheka peke yangu kwenye foleni ya benki.

Mzee wa Mkonga
Marahaba. Cheka tu, aliyelifuata ni mimi, saa mbili usiku.

Fundi wa Kizota
Ngoja niingie kama fundi. Kila mteja anaulizia nguvu za farasi. Farasi ni za kukimbilia. Anayevuta tela aulize toki, ile nguvu ya kusokota inayolitoa gari pale lilipo. 1HZ ya mzee hapo juu ina Nm 285. Hilux ya 2.8, yaani yenye injini ya 1GD, ilipoanza 2015 ilikuwa na 420 ya gia za mkono na 450 ya otomatiki, na injini yenyewe ni ndogo kuliko ya mzee. Kazi hiyo inafanywa na tabo. Tena hapa tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kabla hujaifunga tela. Yenye tabo inajisukumia hewa yenyewe.

Sasa masharti. Hizi za komoni reli, zinazolisha nozeli zote dizeli ya presha kubwa kutoka bomba moja, hazitaki dizeli ya kwenye kidumu, na hazitaki chujio la kununua kwa sababu ni la bei ya chini. Vigo, yaani Hilux za toleo la kabla ya hilo, zenye injini ya 1KD ndizo zinazonilisha. Nozeli, zile za kupulizia dizeli ndani ya injini, zikianza kuchoka, asubuhi injini inagonga kama mtu anapiga debe tupu, ikishapata moto inatulia na mwenye gari anasahau. Anaendelea kusahau mpaka nozeli moja inayomwaga hovyo ichome pistoni. Ukifika hapo usiniulize bei kwa simu, njoo tukae chini.

Kwa hiyo ukienda kuangalia gari, nenda alfajiri, injini ikiwa ya baridi. Shika boneti kwa mkono. Ukikuta ya moto na muuzaji anakwambia "nilikuwa nalisogeza tu", ondoka, rudi kesho yake bila kumpigia.

1KD inatumia taimingi belti, 1GD ni cheni. Kwa 1KD usiamini neno la mtu kuwa belti ilibadilishwa, badilisha.

Mama Maturubai
Mimi nakodisha viti na maturubai, navuta tela karibu kila wikiendi kwa Ford Ranger 3.2. Hiyo ni ya silinda tano, jamani inavuta. Viti 200 na maturubai matatu, naenda Bahi kama nimebeba mkoba. Siku za kawaida napelekea watoto shule, nimekaa vizuri, kiyoyozi kinafanya kazi.

Kilio changu ni spea. Mwaka jana sensa moja ndogo kama kidole iliharibika, gari likagoma kuwaka kabisa. Hapa mjini nilizunguka maduka yote bila kuipata. Iliagizwa Dar, ikaja isiyo yenyewe, ikarudishwa, ikaja nyingine. Wiki mbili na nusu, na ulikuwa msimu wa harusi. Nikakodi kenta. Mwenye Hilux anapata hata kioo cha taa Jumamosi saa kumi jioni kwa wauza spea wa kawaida. Sijauza Ranger yangu na siuzi, ila ukinunua kama yangu weka pembeni pesa ya kenta.

Msafiri wa Kibaigwa
Naona mnaongelea injini tu. Mimi ngoja niwape ya tela lenyewe.

Nina pikapu ya Isuzu D-Max ya 3.0, sina malalamiko nayo. Siku moja nilipakia mahindi sokoni Kibaigwa kupeleka Morogoro, magunia kumi na tano kwenye tela la ekseli moja. Vijana wa kupakia wanaanzia wanapofikia kwa urahisi, yaani nyuma, na mimi nilikuwa nakunywa chai. Tulipotoka mgongo wa gari ulikuwa umeinuka kidogo. Nikaona, nikafurahi, nikajua springi zangu bado nzima. Ujinga mtupu.

Mpaka Gairo sawa. Baada ya Gairo barabara inaanza kuteremka kuelekea Dumila. Nilikuwa kwenye 85 hivi. Kwanza nilihisi usukani umekuwa mwepesi, kama gari linaelea. Halafu kiuno cha gari kikaanza kuvutwa kushoto, kulia, kushoto, kila mara zaidi ya mwanzo. Kwenye kioo naliona tela lote upande wa kulia, halafu silioni, halafu liko kushoto. Kuna basi linapanda mbele yangu, linawasha taa. Mguu ulitaka kukanyaga breki. Sijui ni nini kilinizuia. Niliachia tu mafuta, nikashika usukani umenyooka bila kulifuata tela, nikaacha gia ipunguze mwendo. Likatulia lenyewe kwenye kama 50. Nilipoegesha nilishindwa kufungua mlango, mkono unatetemeka.

Tulihamisha magunia matano mbele ya ekseli palepale pembeni ya barabara. Mzee mmoja wa lori alisimama akatuonyesha kipimo ambacho ndicho ninachotumia hadi leo: kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela lote ikalie ndoano ya gari. Tela la kilo 1,500, basi kilo 150 ziwe kwenye ndoano. Mgongo wa gari ushuke kidogo. Ukiinuka, usiondoke.

Mkuu wa Hombolo, lita 1000 ni tani moja ya maji. Jumlisha tangi na chuma cha tela, una tani moja na nusu hivi. Hilux na wenzake wa daraja lake wanaandikiwa mpaka tani 3 au 3.5, watu wanaishia kusoma hapo. Hiyo ni kwa tela lenye breki zake. Lisilo na breki kwa kawaida ni kilo 750 tu, na matela mengi yanayochomelewa mitaani kwetu hayana breki hata ya kusingizia. Na tangi hilo jaza lote au safiri tupu. Maji nusu yanakimbia mbele na nyuma, ukifunga breki yanakusukuma mara ya pili wakati unadhani umeshasimama.

Kijana wa Nala
Hapa kwetu kuna mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari, ambayo sisi tulianza nayo Machi 2019, inataka gari la kuanzia tani 3.5 lipimwe. Mimi na tela lililojaa naingia bila kuitwa.

Mkulima wa Hombolo
Asanteni sana. Msafiri, stori yako nimeisoma mara mbili. Swali: kuna yadi Dar wana Vigo ya 2012, wanasema imetoka Japani, ilikuwa inatumika na mzee mmoja huko. Bei nzuri.

Mnyonge wa Yadi
Mzee huyo wa Japani nami aliniuzia! Mkuu, Toyota waliacha kuuza Hilux Japani 2004, wakarudi 2017. Vigo ya 2012 imetoka Thailand, Uingereza, Afrika Kusini, popote, ila si huko. Yangu ilikuwa ya Uingereza. Kule baridi ikija wanamwaga chumvi barabarani, inakula chuma kwa chini. Walikuwa wameipaka rangi nyeusi, inang'aa. Fundi wangu alichukua bisibisi akaigonga chesisi karibu na springi ya nyuma, ikazama. Ndoano ya tela nilikuwa nimepanga kuifunga palepale.

Mkulima wa Hombolo
Wadau, ni wiki ya tatu, nilete mrejesho. Ya yadi nimeachana nayo. Nimeanza na tela: fundi ananichomelea lenye ekseli mbili na breki za msukumo, zinazojifunga tela likilisukuma gari, limekuwa ghali kuliko nilivyomwambia mke wangu. Nimeangalia Hilux moja ya 2.8 iliyokuwa ya mradi. Jioni ilikuwa inalia kama cherehani. Nikarudi saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga simu, kama fundi alivyosema. Debe tupu, wakuu. Mpaka mlinzi alitoka kibandani.

Kuna D-Max iko mtaa wa Kisasa, naiona kesho. IST bado haijauzwa, na zabibu imeshaiva. Mama Maturubai, ile kenta uliyokodi, Jumamosi ina nafasi?

Mama Maturubai
Nafasi ipo kaka. Ila dereva wake naye anakuja saa anayotaka yeye.