Eya klina (kichujio cha hewa) ya kwadi: nifunge koni au nibaki na sponji?

Dereva wa Kaskazini (mleta uzi)
Wadau, habari za jioni. Naendesha kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) za watalii Nungwi, Unguja, injini ya cc 250, ya kabureta. Sponji ya eya klina imechakaa. Jana nimeiosha mara tatu na bado inatoka tope jekundu. Zipo zile koni za pamba, wanasema injini inapumua na nguvu inaongezeka. Ninunue koni au sponji mpya? Kesho kutwa nina msafara wa mashine sita na mimi ndiye wa mwisho, vumbi lote langu. Usingizi sina.

FundiSpana
Sponji. Koni iliyo wazi inaingiza hewa nyingi kuliko kabureta ilivyopangiwa, petroli inakuwa haba, injini inachemka. Ukiifunga lazima jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta, nayo ibadilishwe. Plagi ukiifungua ina rangi gani?

Mzee wa Trekta
Trekta yangu ilikuwa na eya klina ya bakuli la oili. Kila asubuhi nafungua bakuli, namwaga tope, natia oili mpya. Imenisomeshea watoto wanne. Vijana mnapenda nguvu, kusafisha hamtaki. Sponji unaioshaje?

Dereva wa Kaskazini
Kwa petroli mzee wangu, naisokota, naianika juani, narudisha.

DadaGereji
Petroli inalegeza gundi ya sponji. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni, ibonyeze, usiisokote kama nguo, anika kivulini. Ikikauka ipake oili mpaka rangi iwe moja kote, kamua iliyozidi, kisha pitisha grisi kwenye ukingo unaokaa ndani ya boksi. Ikiwa kavu, vumbi laini linapita kama halioni kitu.

FundiSpana
Plagi hujajibu.

Dereva wa Kaskazini
Nyeupe kama chaki. Na asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo. Basi niseme ukweli: koni nimeshaifunga, hii wiki ya tatu. Boksi nililikata kwa grainda ili ienee. Mashine ni ya bosi na hajui. Lakini nguvu imeongezeka kweli, wageni wenyewe wanasifia, na koni ya mashine ya pili nimeshalipia nusu.

Mke wa Mvuvi
Mwambie bosi leo. Mume wangu aliwahi kuficha injini ya boti iliyoingia maji, akidhani ataitengeneza kimyakimya. Siku ya tisa ikakaza. Tulilipa miezi minane, na kazi akakosa.

Mwana wa Uwandani
Nimezaliwa Nungwi. Huku ni uwanda, mawe ya matumbawe, vumbi letu jeupe kama unga. Udongo mwekundu tunauita kinongo, kwetu haupo. Uzi huu umetungwa.

Mzee wa Trekta
Nami nashangaa. Sponji imekaa pembeni wiki tatu, tope limetoka wapi?

Dereva wa Kaskazini
Wallahi sijatunga. Bosi aliinunua kwadi hii ikiwa imetumika Karatu, bara, kwenye udongo mwekundu, ina miezi miwili tu hapa kisiwani. Sponji ilikuja nayo. Nimetoka kupitisha kidole ndani ya mpira unaoleta hewa kwenye kabureta sasa hivi, kimetoka chekundu.

FundiSpana
Subiri. Ndani ya mpira, upande wa injini? Basi vumbi hilo limepita sponji kabla mashine haijavuka bahari. Ringi za pistoni zimeanza kulika Karatu, koni yako imekuja kuongeza. Usinunue chochote. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwa geji, halafu tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi zimekwisha. Isipopanda, tazama valvu. Na huo mpira usiufute, bosi auone.

Mwana wa Uwandani
Kama imetoka Karatu, nimekuelewa, niwie radhi ndugu yangu. Geji ninayo. Nipo jirani na diko, pale wavuvi wanaposhushia samaki, njoo alfajiri.

Dereva wa Kaskazini
Nimepiga picha mpira, kidole na boksi lililokatwa. Zote nimemtumia bosi, nikampigia. Kanyamaza muda mrefu, kisha akauliza diko liko umbali gani. Kasema nisiiwashe tena, atakuja yeye mwenyewe tuisukume.