Kinjeketile jukwaani: tuuondoe mstari wa Seyyid Said?

Mwongozaji
Wakuu, salaam. Tuko mazoezini na Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, waigizaji 14. Tumekwama mahali pawili. Kinjeketile, mganga anayewapa watu maji ya dawa ya kuwakinga na risasi, akiwa amepandwa na Hongo, pepo wa mtoni, anatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Vijana hawaelewi, na wenzangu wanataka mstari ukatwe. La pili, akiingia mtoni watu wanacheka. Tufanyeje?

Mkaa Kilwa
Msiukate, tafadhali. Tamthilia nzima imeegemea hapo. Wamatumbi ni watu wa vilima vya nyuma ya Kilwa, na Kilwa ilikuwa bandari ya kusafirishia watumwa enzi za masultani wa Zanzibar. Seyyid Said, mmoja wa masultani hao, alikufa 1856, vita vikaanza Julai 1905 kwa kung'oa pamba Matumbi. Lakini maakida, yaani watawala wadogo wa Mjerumani, wengi walikuwa Waarabu na Waswahili wa pwani, hivyo jina lile lilikuwa bado bichi. Mtu anapigania kuvua pingu, na kinywa cha mganga wake kinamtajia pingu nyingine!

Kosa ninaloliona mara nyingi ni umati kushangilia, kisha mambo yakaendelea kana kwamba hakuna kilichosemwa. Waache washangilie. Ila baadaye, Kinjeketile anapoambiwa alichotamka, mpeni kimya cha sekunde tano nzima, ngoma isilie, mtu asisogee. Kijana asiyemjua Seyyid Said atausoma uso wake.

Fundi Maleba
Kicheko cha mtoni mara nyingi huletwa na kile kitambaa cha buluu kinachotikiswa na watu wawili. Kitoeni. Mwigizaji avutwe kifudifudi mpaka nje ya jukwaa, mkono mmoja umetangulia kama umeshikwa, na mkewe abaki akimwita. Masimulizi ya Wamatumbi yanasema alitoka mtoni nguo zikiwa kavu, basi akirudi mtu mmoja aushike upindo wa kaniki yake, aukamue, asipate hata tone. Hapo ukumbi utanyamaza.

Maleba yawe kaniki na merikani, si vitenge vya leo. Askari wa Mjerumani wengi walikuwa Waafrika, kwa hiyo msipake nyuso chokaa kikosi kizima. Dawa yenyewe ilikuwa maji, mafuta ya mbarika na mtama. Jukwaani tieni maji matupu, robo kikombe kwenye kibuyu, kwa sababu mafuta yakimwagika kwenye mbao wachezaji wa ngoma wataanguka.

Msoma Tamthilia
Naongeza lafudhi. Ukiwapa Wamatumbi Kiswahili cha kuvunjavunja ili waonekane wa bara, umeshawafanya vichekesho, na hilo pia litawafuata hadi mtoni. Waongee Kiswahili chao cha kawaida, ila nyimbo zibaki za Kimatumbi, na wajumbe wa makabila mengine wakae mbalimbali jukwaani hadi wanyunyiziwe maji. Umati ukisimama pamoja tangu mwanzo, maji yatakuwa hayana cha kuunganisha.

Angalieni pia kijikaratasi cha onyesho. Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kabla ya shambulio la ngome ya Wajerumani ya Mahenge la tarehe 30 mwezi huohuo. Wa Hussein anaishi hadi baada ya kushindwa, ili aulizwe kama maji yalikuwa uongo, naye akatae kusema. Mkichapa tarehe ile bila maelezo, mtazamaji makini atadhani mmekosea.