Naomba ushauri: Andorra kwa viza ya Schengen

Wakuu, habari zenu. Pasipoti ni ya Tanzania. Mpango ni Barcelona hadi Andorra la Vella kwa basi, kama saa tatu hivi, kulala siku mbili, kisha kurudi Barcelona kupanda ndege.

Andorra haina uwanja wa ndege wa abiria wala reli, kwa hiyo lazima upitie Hispania au Ufaransa. Yenyewe haidai viza, ila haimo Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), na hapo ndipo penye mtego: ukishavuka mpaka, viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi, hata kama siku zimebaki. Kwenye stika ya viza, penye idadi ya kuingia, panatakiwa pasomeke 02 (mara mbili) au MULT (mara nyingi). 01 ni balaa.

Sasa wenye uzoefu: ubalozi wa Hispania unaridhika na barua ya ratiba pamoja na hoteli ya Andorra, au wanataka na tiketi ya basi ya kwenda na kurudi? Na laini ya simu ya Hispania, kwa kuwa Andorra iko nje ya Umoja wa Ulaya, mnazima data kabla ya mpaka au mnanunua kifurushi?